UZI: Speke alikiita kilima cha Mwanza "Somerset". Nimekwenda kuiona Somerset yenyewe

#1 – Mwana wa Ghuba

Wakuu, habari za jioni.

Nimezaliwa Magu, kando ya Ghuba ya Speke. Toka utoto nimelitamka jina hilo kama ninavyotamka Simiyu au Ukerewe, bila kujiuliza ni la nani. Shule ya msingi tuliambiwa ni Mzungu aliyegundua Ziwa Victoria mwaka 1858. Tukaandika daftarini. Jioni tukaenda kuchota maji katika ziwa hilohilo lililogunduliwa.

Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Bristol, kusini-magharibi mwa Uingereza. Nahudumia wazee, zamu nyingi ni za usiku, na katika saa zile tulivu nimekuwa nikisoma. Ndipo nikaisoma simulizi ya safari aliyoiandika John Hanning Speke mwenyewe. Anasema asubuhi ya tarehe 3 Agosti 1858 msafara wake ulitoka Isamilo, ukaanza kupanda kilima kirefu, na walipofika juu maji ya Nyanza, yaani Ziwa Victoria, yakatokea mbele yao. Kuhusu kilima hicho anaandika kwamba kwa kuwa hakina jina la wenyeji, yeye atakiita Somerset.

Nilirudia sentensi hiyo mara tatu. Msukuma wa Mwanza hana jina la kilima anachochungia ng'ombe wake? Kwetu kila jabali lina jina, na kila mti mkubwa wa ukwaju una jina la mtu aliyeupanda au aliyefia chini yake. Kijito kilichoingia ziwani karibu na hapo naye akakiita Jordans, jina la nyumba ya baba yake huku Somerset.

Na Somerset ndiyo hii kaunti iliyopakana na mji ninaoishi. Kwa mwenye gari ni dakika chache tu.

Basi tangu mwezi wa tano nimekuwa nikitumia siku zangu za mapumziko kuizunguka. Nimekwenda kwa Speke, na nimekwenda kwingine kwingi, maana kaunti hii ina historia ya kutosha miaka elfu kumi. Nitaandika kidogokidogo, kwa wale mlioko huku na kwa mlioko nyumbani mnaopenda historia.

#2 – Mkaa Bath

Mkuu, endelea. Nina miaka kumi na moja hapa Bath na hilo la kilima ndio kwanza nalisikia. Mimi nipo siti ya mbele.

#3 – Binti Songea

Kaka, tunaomba na njia za kufika. Sisi wengine hatuna magari, na wenyeji ukiwauliza wanakuambia tu "ni karibu".

#4 – Mwana wa Ghuba

Dada, njia nitazieleza zote. Acha nianze na Speke ili nimalizane naye.

Amezikwa kijiji kinaitwa Dowlish Wake, karibu na mji mdogo wa Ilminster. Huko treni haifiki. Mimi nilibebwa na rafiki yangu wa kazini, tukateremka na barabara kuu ya M5 hadi Taunton, kisha A358. Kabla ya Ilminster unapita Ashill, na hapo karibu ndipo ilipokuwa ile Jordans. Nyumba yenyewe ilikwisha kubomolewa. Nilimwomba rafiki yangu asimame kidogo. Ni mashamba, ua wa miti, na magari yanapita kwa kasi. Nilisimama pale nikifikiria kwamba mtu aliondoka hapa, akatembea kutoka pwani ya Bagamoyo hadi kwetu, akafika amechoka na macho yanamuuma, na jina lililomjia mdomoni likawa la nyumbani kwa baba yake. Kwa hilo nilimwelewa. Mimi mwenyewe mtaa wangu hapa Bristol una mteremko ambao moyoni nauita kwa jina la mteremko wa kwetu. Tofauti ni kwamba mimi sijauchora kwenye ramani.

Dowlish Wake ni kijiji kizuri mno. Nyumba zimejengwa kwa jiwe la rangi ya asali linalochimbwa Ham Hill, hapohapo Somerset, na nyingine zimeezekwa kwa nyasi hadi leo, nyasi nene zilizokatwa pembeni zikanyooka kama zimepimwa kwa rula. Kuna daraja dogo la mawe la enzi za farasi wa mizigo. Kanisa la Mtakatifu Andrea liko juu kidogo ya kijiji, na mlango ulikuwa wazi.

Ukoo wa Speke una vizazi na vizazi ndani ya kanisa hilo. Yeye ana kumbukumbu yake ya marumaru yenye sanamu ya kichwa na mabega: uso mwembamba, ndevu, macho yanatazama mbali. Baada ya kifo chake familia iliruhusiwa kuongeza wanyama wawili kwenye nembo ya ukoo, mamba na kiboko. Wakuu, mamba na kiboko wa ziwa letu wako kwenye nembo ya familia ya wakulima wakubwa wa Somerset.

Alikufa tarehe 15 Septemba 1864, akiwa na miaka 37. Kesho yake alitakiwa kusimama Bath, kwenye mkutano wa wanasayansi, kujadiliana na Richard Burton juu ya chanzo cha Nile. Burton ndiye aliyekuwa mkuu wake katika ile safari ya kwanza, na alibaki Tabora anaumwa wakati Speke anakwenda Mwanza. Wakati huo Burton hakukubali kwamba Nyanza ndiyo chanzo. Alasiri ile Speke alikuwa anawinda kware huko Neston, kaunti jirani ya Wiltshire, na wakati anapanda ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ikafyatuka ikampiga ubavuni. Uchunguzi ukaamua ni ajali. Livingstone alihudhuria maziko, na Grant, mwenzake wa safari ya pili, naye alikuwepo.

Nilikaa kwenye benchi karibu nusu saa. Nilichokuwa natafuta ni majina mengine, na sikuyaona.

#5 – Mlinzi wa Kumbukumbu

Majina gani mkuu?

#6 – Mwana wa Ghuba

Sidi Mubarak Bombay. Mabruki. Wapagazi wa Kinyamwezi. Askari wa Kibaluchi.

Bombay alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari hadi India, akakulia utumwani huko mpaka bwana wake alipofariki, ndipo akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Speke alikuwa hajui Kiswahili. Alijua Kihindustani kwa sababu alikuwa ofisa wa jeshi India, na Bombay alikijua kwa sababu ya utumwa. Kwa hiyo kila neno ambalo Speke aliwaambia wenyeji wa Mwanza, na kila neno waliloambiwa, lilipita kinywani mwa Bombay: Kihindustani kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda lugha ya wenyeji kwa mtu mwingine tena, kisha kurudi. Hebu fikirini swali "kilima hiki mnakiitaje?" likisafiri safari hiyo yote mtu yuko hoi na jua linachoma. Mimi naamini jina lilikuwepo. Ama hakuuliza, ama jibu lilipotea njiani.

Bombay huyohuyo alirudi na Speke na Grant safari ya 1860 hadi 1863, wakafika kwa Kabaka Mutesa, na Speke akayaona maji yakitoka ziwani pale Jinja tarehe 28 Julai 1862. Kisha akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871. Kisha akavuka bara zima na Cameron hadi Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa medali ya fedha. Mtu huyu alitembea Afrika kuliko hao wote waliopewa sanamu.

Karibu na mlango wa kanisa kuna kitabu cha wageni. Nikaandika tarehe, nikaandika "Magu, Tanzania", na chini yake nikaandika majina mawili: Sidi Mubarak Bombay, Mabruki. Ni mstari mmoja wa kalamu ya wino, kwenye kitabu ambacho kitajaa na kuwekwa kabatini. Lakini sasa yamo.

#7 – Asiyeyumba

Mkuu samahani, nitakuwa mkweli. Nauli, muda, siku ya mapumziko, unaenda kwenye kaburi la mtangulizi wa wakoloni? Hawa ndio waliofungua njia. Ningekuelewa ungekwenda Songea kwa mashujaa wa Majimaji.

#8 – Mwana wa Ghuba

Ndugu yangu, hoja yako naiheshimu, na Songea nitakwenda Mungu akipenda.

Sikwenda kuhiji wala kuweka maua. Jina la mtu huyu liko kwenye cheti changu cha kuzaliwa kwa namna fulani, kwa sababu ghuba niliyozaliwa ina jina lake. Hata kule kwetu Kageye, ambako Stanley alifika 1875 akaizunguka Nyanza kwa mashua yake na kuonyesha kwamba Speke alikuwa sahihi, wageni wanapelekwa na kuelezwa habari za Stanley. Sisi wenyeji tunajua nusu ya habari, ile iliyotokea kwetu. Nusu ya pili iko huku: pesa ilitoka wapi, nani aliwatuma, walirudi wakasema nini, wakapewa nini. Nikiiacha nusu hiyo nitabaki na daftari la shule ya msingi hadi nife.

Na wewe ukija huku nitakupeleka mwenyewe, tubishane palepale.

#9 – Asiyeyumba

Hapo nimekuelewa. Endelea mkuu.

#10 – Mwana wa Ghuba

Sasa jibu la Binti Songea, safari bila gari.

Kuna basi namba 376 kutoka Bristol, linapita Wells na linakwenda Glastonbury. Linachukua saa moja na zaidi kufika Wells, na kaa ghorofa ya juu, upande wowote. Unavuka vilima vya Mendip, kisha ardhi inashuka ghafla na unaona uwanda mkubwa tambarare mbele yako. Huo uwanda ndio wanauita Levels. Mtu wa Usukumani akiuona atasema mbuga: udongo mweusi, mifereji, ng'ombe, na masika yake inafurika.

Wells ni mji mdogo kabisa wa England wenye hadhi ya jiji, ukiiondoa ile City ya ndani ya London. Kanisa kuu lake lilianza kujengwa miaka ya 1170. Simama uwanjani mbele ya ukuta wa magharibi kabla hujaingia, maana karibu sanamu 300 za zama za kati bado zimesimama kwenye vijumba vyake ukutani: mitume, wafalme, maaskofu, malaika. Wakati huo watu wengi hawakujua kusoma, na ukuta huo ndio uliokuwa kitabu chao.

Ndani kuna kitu ambacho sijakiona kwingine. Waliongeza urefu wa mnara wa katikati, uzito ukawa mkubwa, msingi ukaanza kuzama na mnara kuinama. Mafundi wa mwaka 1338 hadi 1348 wakajenga matao mawili yaliyobebana, moja limesimama na jingine limepinduliwa kichwa chini juu yake, kama herufi X ya mawe. Miaka karibu 700 imepita na mnara haujasogea. Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Nilimpigia simu ya video palepale, akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Waliweka jukwaa la mti gani?" Sikuwa na jibu.

Msiondoke bila kuona saa yao ya tangu takriban mwaka 1390. Kila robo saa wapanda farasi wadogo wa mbao wanazunguka na kupigana, na mmoja huangushwa kila mara, yuleyule, kwa karne zaidi ya sita. Halafu nyuma ya kanisa pita Vicars' Close, mtaa wa nyumba za waimbaji wa kanisa wa karne ya 14 ambao hadi leo watu wanaishi humo, nguo zimeanikwa madirishani.

#11 – Binti Songea

Asante sana kaka. Na hiyo Glastonbury ndiyo ile ya tamasha la muziki?

#12 – Mwana wa Ghuba

Tamasha linafanyika kijiji kingine, Pilton, maili chache kutoka hapo. Glastonbury mji ni habari nyingine, na wewe wa Songea utaielewa kuliko mimi kwa sababu una Peramiho.

Abasia ya Glastonbury, yaani makao ya watawa, ilikuwa ya Wabenediktini, shirika lilelile la Peramiho na Ndanda. Ilikuwa kati ya abasia tajiri kuliko zote Uingereza. Kanisa liliungua 1184, na mwaka 1191 watawa wakatangaza kwamba wamefukua kaburi la Mfalme Arthur. Mahujaji wakamiminika, na sadaka pia. Wanahistoria wengi wanaona tangazo lile lilikuja wakati pesa za ujenzi zinahitajika sana. Mwaka 1539 watu wa Mfalme Henry VIII wakaifunga. Abate Richard Whiting, mzee tayari, alihukumiwa pale Wells, akakokotwa hadi juu ya kilima cha Tor na kunyongwa tarehe 15 Novemba. Mwili wake ukakatwa vipande vinne, na kichwa kikawekwa juu ya lango la abasia yake.

Leo yamebaki magofu: nguzo mbili kubwa zinazotazamana bila dari, nyasi zilizokatwa vizuri, na jiko la abate lenye paa la pembe nane, zima kabisa. Nilijaribu kuiwazia Peramiho ikiwa hivyo, kengele hakuna, karakana hakuna, hospitali hakuna, watalii wanakula sandwichi kwenye altare. Ndipo nilipoelewa uzito wa kilichotokea hapa.

Kuingia kwenye magofu unalipia. Kupanda Tor ni bure. Ni mita 158 tu juu ya usawa wa bahari lakini upepo wake si wa mchezo, vaeni vizito hata mwezi wa saba. Juu kuna mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, mnara peke yake. Kanisa la kwanza lilibomolewa na tetemeko la ardhi la 1275.

Na chini ya mbuga ile ninayoisema, kwenye udongo wa mboji, mwaka 1970 mfanyakazi mmoja wa kuchimba mboji aligonga ubao. Walipochunguza wakakuta njia ya mbao ya karibu kilomita mbili, iliyojengwa kuvuka kinamasi. Kwa kusoma duara za miti wakapata mwaka: 3807 au 3806 kabla ya Kristo. Nguzo zimepigwa msalabamsalaba matopeni, na ubao mmoja umelazwa juu, wa kupita mtu mmoja. Ni vilevile tunavyovuka sisi udongo wa mfinyanzi wakati wa masika. Tope halikuwapa njia nyingine, kama lisivyotupa sisi.

#13 – Mlinzi wa Kumbukumbu

Mkuu, bonde la Cheddar umefika? Kuna habari ya yule mtu wa kale.

#14 – Mwana wa Ghuba

Nimefika. Mwaka 1903 ndani ya pango la Gough walikuta mifupa ya mtu mzima, mwanaume, aliyeishi miaka kama 10,000 iliyopita. Mwaka 2018 watafiti walitangaza matokeo ya vinasaba vyake: kuna uwezekano mkubwa alikuwa na ngozi nyeusi au ya kahawia iliyokoza, na macho ya bluu au ya kijani. Mifupa halisi iko London kwenye makumbusho ya historia ya asili. Bondeni wana nakala.

Nilisimama pale na mtoto wa rafiki yangu, ana miaka tisa, kazaliwa hapa Bristol na wazazi kutoka Kigoma. Shuleni kuna mwenzake aliwahi kumwambia arudi kwao. Alisoma maelezo taratibu, akasoma tena, halafu akamshika mama yake mkono. Hakusema kitu. Sina la kuongeza.

#15 – Mkaa Bath

Mkuu, naomba niingie kwenye Bath maana ni kwetu, na wageni wengi wanakuja wanapiga picha kwenye bwawa la Warumi, wanakula, wanaondoka.

Bwawa lenyewe linastahili, sikatai. Maji yanatoka ardhini yenyewe kwa nyuzijoto karibu 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku, na Warumi waliyajengea hekalu la Sulis Minerva. Mimi ninachowaambia wageni wangu waangalie ni mabamba madogo ya madini ya risasi, yamepatikana kama 130. Mtu akiibiwa vazi lake pale bafuni alikuwa anaandika kwenye bamba kumwomba mungu wake wa kike amtie mwizi maradhi, asilale, asipate mtoto, mpaka arudishe mali. Anakunja, anatupa majini. Mimi ni wa Tanga. Anayeijua halbadiri haitaji mkalimani hapo. Tiketi ni ghali, nendeni katikati ya juma ina nafuu.

Baada ya hapo pandeni basi mwende Newbridge, barabara ya Kelston, kwenye Fairfield House. Hapo ndipo alipoishi Mfalme Haile Selassie tangu 1936 hadi 1940, baada ya Waitaliano kuiteka Addis Ababa. Mfalme wa Ethiopia, mtu aliyesimama mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule Geneva akawaambia ukweli na hawakumsaidia, alikuja kuhangaika na baridi la Bath na bili za makaa. Akarudi kwao kupitia Sudan, na tarehe 5 Mei 1941 akaingia Addis. Mwaka 1958 aliitoa nyumba hiyo kwa mji wa Bath itumike kwa ajili ya wazee. Hadi leo wazee wenye asili ya Karibiani na kwingineko wanakutana humo. Nendeni siku za wageni, mtapokewa kama nyumbani.

#16 – Mwana wa Ghuba

Kaka, hapo umenigusa. Fairfield nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikuta kumefungwa kwa kuwa sikuuliza kwanza, kwa hiyo wakuu, angalieni siku kabla ya kutoka nyumbani.

Naongeza moja la Bath: mnara wa Beckford, kwenye kilima cha Lansdown. William Beckford aliujenga ukakamilika 1827, ngazi 154, juu una kofia iliyopakwa dhahabu. Pesa zake zilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaika na jasho la watumwa. Nilipofika juu niliutazama mji mzima uko chini, majengo ya mawe ya rangi ya asali, na ukianza kuuliza nyumba hii nani alilipia, na ile nani alilipia, jibu mara nyingi linavuka Atlantiki.

#17 – Mama Wawili

Wanangu, nawasoma toka mwanzo. Mimi niko Taunton, mwaka wa ishirini sasa. Mbona hamjafika kwangu?

#18 – Mwana wa Ghuba

Shikamoo mama. Taunton nilifika, na ningejua ningebisha hodi.

#19 – Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Siku nyingine usipite.

Waeleze habari za 1685, maana huku ndiyo kidonda cha wenyeji. Nilipoanza kazi hapa bibi mmoja niliyemhudumia alikuwa anamtaja Jaji Jeffreys kwa hasira kana kwamba alikuja wiki iliyopita.

#20 – Mwana wa Ghuba

Nitaeleza mama, nawe utanisahihisha.

Mwaka huo Duke wa Monmouth, mtoto wa nje ya ndoa wa Mfalme Charles II, alikuja kumpinga ami yake, James II. Waliomfuata ni wakulima, wafumaji na mafundi wa Somerset na jirani zake, wengi silaha yao ni mundu uliofungwa kwenye mti. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai walijaribu kulivamia jeshi la mfalme gizani, kwenye mbuga ya Sedgemoor karibu na Westonzoyland. Mfereji uliojaa maji ukawazuia. Kulipokucha yakawa mauaji. Wafungwa kama 500 walifungiwa kanisani Westonzoyland, wengine na majeraha, wengine wakafia humohumo. Kanisa bado lipo na unaingia bure. Inua macho uone dari lake la mbao, limechongwa malaika. Wale wafungwa waliliangalia dari hilohilo.

Kisha akaja Jaji Jeffreys. Pale Taunton alikaa kwenye ukumbi wa ngome, ambayo sasa ndiyo Makumbusho ya Somerset. Mamia walinyongwa, viungo vyao vikatundikwa vijijini. Zaidi ya 800 walisafirishwa kwenda Karibiani kutumikishwa kwenye mashamba. Hawakuwa watumwa kwa maana ile ya Waafrika, maana kifungo chao kilikuwa na miaka na watoto wao hawakurithi minyororo, na tofauti hiyo isifutwe. Lakini kijiji cha Somerset kilijua maana ya kuona kijana wake akipakiwa melini kwenda kwenye miwa.

Kwenye makumbusho hayo kuna vitu viwili nawaomba msivipite. Kimoja ni hazina ya Frome, sarafu za Kirumi 52,503 zilizokutwa kwenye chungu kimoja mwaka 2010. Cha pili ni sakafu ya mawe madogo ya rangi kutoka Low Ham, ya karne ya nne, inayosimulia mapenzi ya Enea na Malkia Dido wa Karthago. Karthago ni Tunisia ya leo. Tajiri wa Somerset, miaka 1,600 iliyopita, aliamua kuoga akikanyaga hadithi ya malkia wa Afrika.

#21 – Mama Wawili

Umesema vyema. Niongeze Muchelney tu. Abasia ndogo, haina watalii wengi. Masika ya baridi ya 2013 kuingia 2014 kijiji kilizingirwa na maji, kikawa kisiwa, watu wakawa wanakwenda dukani kwa boti. Pale wana choo cha watawa cha enzi hizo kilichoezekwa kwa nyasi, na wajukuu zangu hawataki kwenda mahali pengine popote.

#22 – Mkaa Bath

Na Stanton Drew mkuu, mawe yaliyosimamishwa duara, karibu kabisa na Bristol. Duara kubwa lina kipenyo cha mita 113, la pili kwa ukubwa nchi nzima baada ya Avebury. Yapo shambani, unafungua geti, unaweka mchango kwenye sanduku, unapita katikati ya ng'ombe.

#23 – Mwana wa Ghuba

Hapo nilikwenda alfajiri baada ya zamu. Umande, ng'ombe wamelala kati ya mawe. Bismarck Rock na mawe ya kwetu Mwanza Mungu kayapanga mwenyewe, haya waliyapanga watu. Sikukaa sana, viatu vilikuwa vimelowa.

Ushauri wa haraka kwa wanaopanga: makanisa ya vijijini mengi yako wazi mchana na ni bure, ila Jumapili asubuhi kuna ibada. Mwezi wa tisa kuna siku za urithi ambapo sehemu nyingi za kulipia zinafunguliwa bure. Mwenye familia akikata uanachama wa mwaka wa mashirika yanayotunza majengo ya kale anaokoa kuliko kulipa geti kwa geti. Na vaeni buti. Somerset ni tope.

#24 – Kijana wa Isamilo

Wakuu, mimi niko Mwanza, nimekulia Isamilo hapahapa. Nimeusoma uzi wote usiku huu. Hilo jina la Somerset sijawahi kulisikia kwa mtu yeyote, si mtaani, si shuleni.

Jamaa anasema kilima hakikuwa na jina? Bibi yangu mzaa baba ana miaka zaidi ya themanini, yuko Nyakato. Yeye akielekeza njia hatumii barabara, anataja mawe na vilima. Keshokutwa Jumamosi nakwenda kumsalimia, nitamuuliza walipotoka hapa kwenda ziwani walikuwa wanapanda wapi na walipaitaje.

#25 – Mwana wa Ghuba

Mdogo wangu, nenda na simu yenye chaji umrekodi kwa sauti yake. Usimharakishe. Mwache ataje na vile ambavyo hukumuuliza, kisha uliza na wazee wengine wawili watatu. Wakitofautiana yaandike yote.

Kikongwe akikupa jina, liandike hapa kama alivyolitamka. Mwezi ujao narudi Dowlish Wake.